Baridi ya Usambara na Watu Walioipanda Kuitafuta

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya safari ambayo jamaa nyingi huifanya wakati wa likizo, yaani kuliacha joto la pwani na la bondeni, na kupanda Lushoto katika milima ya Usambara, ili kukaa siku mbili tatu penye baridi. Safari yenyewe si ndefu. Toka Mombo, pale njia kuu ya kwenda Same ipitapo chini ya mlima, mpaka Lushoto mjini ni maili 20 na kitu tu. Lakini katika maili hizo mna habari za watu za miaka karibu mia tatu, na msafiri asiyezijua huzipita kama apitavyo mawe ya njiani. Basi nataka tuzitazame habari hizo kwa utaratibu: ni nani waliotangulia kuitafuta baridi hii, ni nani waliokuja nyuma yao, na gharama yake ilibebwa kichwani mwa nani.

Kwanza yafaa tujue baridi yenyewe yatoka wapi. Mombo iko kama futi 1,400 juu ya bahari. Lushoto iko futi 4,500 hivi, na vilele vya msitu wa Magamba vyapita futi 7,000. Ilivyo kawaida, mtu apandapo futi 1,000 joto la hewa hupungua kwa nyuzi 2 hivi za Sentigredi. Kwa hiyo atokaye Mombo akafika Lushoto huwa ameacha nyuma nyuzi 6 za joto, na mwezi wa Julai usiku hutafuta blanketi la pili. Tena milima hii imeelekea upepo utokao Bahari ya Hindi. Upepo huo huja na unyevu, ukigonga mlima hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa, mvuke wake huwa mawingu na mvua. Ndiyo maana chini, upande wa Mkomazi, nchi ni kavu na yenye miiba, na juu, kwa mwendo wa saa chache za miguu, kuna migomba na vijito vya maji siku zote.

Wasambaa wenyewe waliijua tofauti hii kabla ya mtu yeyote kuja na kipimo cha joto. Nchi ya chini waliiita nyika, na nchi ya juu waliiita shambaai. Kwao hayo hayakuwa majina ya mahali tu, yalikuwa majina ya namna mbili za kuishi. Nyika ilikuwa nchi ya joto, ya homa, ya wanyama wakali na ya hatari ya vita. Shambaai ilikuwa nchi ya migomba, ya afya, na ya watu wakaao karibu karibu. Lakini hawakuidharau nyika. Ukitazama vijiji vingi vya zamani utaona vilijengwa ukingoni mwa mlima, pale ambapo mtu alala kwenye baridi, naye aweza kushuka asubuhi akalima shamba lake la bondeni. Mvua ilipokosekana juu, pengine ilipatikana chini. Njaa ilipoingia chini, ndizi zilikuwako juu. Hao ndio watu wa kwanza kuipanda baridi ya Usambara, nao waliipanda ili waishi, wala hawakuipanda kwa kustarehe.

Katika karne ya 18 akaja mtu mmoja kutoka nchi ya Ungulu, jina lake Mbegha. Alikuwa mwindaji wa nguruwe, akifuatana na mbwa wake. Habari zake zasimuliwa hivi: alipofika milimani aliwagawia wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha mashamba yao, akawaamulia magomvi yao, na alipomwua simba, watu walistaajabu wakamfanya mfalme wao huko Vugha. Toka hapo mfalme wa Usambara huitwa Simba Mwene, na ukoo wake ndio Wakilindi. Habari hizi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekaa miaka mingi na Wakilindi na kuyasikia mengi vinywani mwao. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa tena Nairobi mwaka 1962. Mwanafunzi akipatapo na akisome, maana ni katika vitabu vya kwanza vya historia ya bara vilivyoandikwa katika lugha yetu.

Mfalme aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika ukoo huo ni Kimweri ye Nyumbai. Amri yake ilishuka mlimani mpaka karibu na pwani. Mwaka 1848 msafiri Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alipanda Vugha kumwona, akarudi tena mwaka 1852. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, nao walikwenda Vugha kabla ya safari yao ya maziwa makuu. Wageni hao wote walikuta nchi yenye watu wengi, mashamba na maji, nao waliandika khabari zake, zikasomwa Ulaya. Tusisahau jambo hili, maana ndiyo mbegu ya mambo yaliyofuata. Nchi ikisifiwa mbali kwa maji na baridi, hapana budi wako watakaotaka kuja kuiona.

Wasambaa walimhesabu mfalme kuwa mwenye mvua. Walikuwa na maneno mawili kwa kazi yake: kuzifya shi, ndiyo kuiponya nchi, na kubana shi, ndiyo kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu aliiponya nchi. Wafalme wawili wenye kushindana waliiharibu. Nasi tukitazama kwa akili ya mwalimu wa historia twaona kwamba maneno hayo yalikuwa na maana kubwa. Watu wakipigana hawalimi. Wasipolima hawana akiba. Na mvua ikikosa mwaka mmoja tu, njaa huwaua. Kimweri alipokufa mwaka 1862, wanawe na wajukuu wake waligombania ufalme. Mmoja wao, Semboja, hakutaka kukaa Vugha kwenye baridi. Alikaa Mazinde, chini nyikani, kwa sababu huko ndiko misafara ilikopita, na mwenye kukaa penye misafara ndiye aliyepata bunduki na baruti. Basi nguvu zikashuka mlimani zikaenda bondeni, na nchi ikabanwa kweli kweli. Watu wengi waliuzwa utumwani katika vita hivyo.

Wajerumani walipokuja kuitawala nchi, walikuta nyumba iliyokwisha kupasuka. Semboja alikufa mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, mfalme wa Vugha. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Nao walikuwa na sababu yao ya kuipenda milima. Pwani walikuwa wakifa kwa homa. Wakati ule ndipo dunia ilipokuwa ikianza kuijua siri ya malaria: mwaka 1897 Ronald Ross, katika Uhindi, alikiona kijidudu cha ugonjwa huo tumboni mwa mbu, na mwaka huohuo daktari Mjerumani Robert Koch, aliyesifika kwa kukivumbua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa katika Afrika Mashariki akiichunguza homa hiyo. Leo twaijua sababu waziwazi. Kijidudu cha malaria hakikui ndani ya mbu kama hewa ni baridi sana, kama vile chini ya nyuzi 16 hivi. Mbu hufa kabla kijidudu hakijapevuka. Kwa hiyo watu wa juu huugua malaria kidogo kuliko watu wa chini, ingawa haikosekani kabisa. Mzungu aliyepanda Usambara aliona tu ya kuwa analala bila homa, ikamtosha.

Hivyo mwishoni mwa karne ile Wajerumani walijenga mji wao milimani, wakauita Wilhelmstal, maana yake bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Ndio Lushoto ya leo. Huko Kwai, mwaka 1896, walianzisha shamba la kujaribia ng'ombe na mazao ya Ulaya. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Reli ilipofika Mombo, safari ya kutoka pwani mpaka chini ya mlima, iliyokuwa ya siku nyingi za miguu, ikawa ya siku moja. Hapo ndipo Usambara ilipopata kuwa mahali pa mapumziko: palipanda maofisa, wakulima wa Kizungu, wake zao na watoto wao, wakijenga nyumba zenye mahali pa kuotea moto na bustani za maua.

Sasa na tuulize swali lile la gharama. Njia ilichimbwa na nani? Mizigo ilipandishwa na nani? Mashamba yale yalilimwa na nani? Kwanza ilikuja kodi ya nyumba, mwaka 1898, nayo ilimlazimu mtu kutafuta fedha hata kama alikuwa na chakula cha kumtosha. Kisha, mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal ilitolewa amri ya kadi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi, na katika kila miezi minne ilimpasa amfanyie Mzungu kazi siku 30 kwa ujira uliokwisha kupangwa. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za Serikali. Fikirini maana yake kwa mkulima. Mvua haimngojei mtu amalize kadi yake. Siku ya kupanda ikipita akiwa shambani kwa mwingine, shamba lake mwenyewe hubaki na magugu, na mzigo wake humwangukia mkewe. Kadhalika misitu mikubwa ilitengwa, watu wakakatazwa kulima humo, lakini mbao zake zilikatwa. Kutoka Shume mpaka Mkumbara chini bondeni ulitandikwa waya wa chuma wa kuteremshia magogo ya mwangati mpaka kwenye reli.

Hata ua dogo la Usambara lilisafiri. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua la rangi ya zambarau likikua kwenye mawe yenye kivuli, akalipeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Leo ua hilo limo katika vyungu madirishani mwa watu wa Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia maji hawajapata kusikia jina la Tanga.

Mwezi wa Juni mwaka 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Wilhelmstal. Jina la mfalme wa Kijerumani likaondoka, mji ukaitwa Lushoto. Lakini desturi ya kupanda kuitafuta baridi haikuondoka. Gavana wa Kiingereza naye alikuwa na nyumba yake Lushoto, na watawala waliokimbia joto la Dar es Salaam walipanda kama wenzao wa kwanza walivyopanda.

Wakati huo watu walikuwa wamezidi, na ardhi iliyobaki nje ya misitu na mashamba makubwa ilikuwa haba. Miteremko ililimwa bila kupumzishwa, na udongo ukachukuliwa na mvua. Serikali ya Kiingereza iliona uharibifu huo, ikaanza mpango wa kuuzuia huko Mlalo mwaka 1946, na tangu mwaka 1950 ukaenezwa katika nchi yote ya Wasambaa. Watu waliamriwa walime matuta katika miteremko, na asiyelima alishtakiwa. Kuulinda udongo ni jambo jema, wala hapana mkulima asiyejua. Lakini matuta yale yalikula nafasi na nguvu nyingi, na kazi yake iliwaangukia hasa wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula cha nyumbani. Tena watu walijiuliza: mwenye kishamba kidogo, aliyekwisha kuchimbwa mgongo na jembe, atavuna nini cha zaidi? Wakakataa. Kukataa kwao kulikuwa katika mambo yaliyoutia nguvu uzalendo wa Usambara katika miaka ile ya 1950, na kabla uhuru haujafika mwaka 1961 mpango ule ulikuwa umekwisha kuachwa.

Mimi nayajua hayo kwa kusoma, lakini pia kwa kusikia. Mwaka mmoja wakati wa likizo niliipeleka jamaa yangu Lushoto: mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi, ambaye alizaliwa upande wa Mlalo kabla ya kuolewa pwani. Tulipoanza kupanda kutoka Mombo watoto walihesabu kona za njia, wakachoka kuzihesabu kabla ya kufika Soni kwenye maporomoko ya maji. Wakavaa masweta yao kwa furaha, maana huku kwetu sweta hukaa sandukuni mwaka mzima. Siku ya pili tulikwenda Irente, pale mlima ukatikapo ghafula kama ukuta. Chini kabisa tuliiona Mazinde na mashamba ya mkonge, na nyumba zake ni kama punje za mahindi zilizomwagika.

Binti yangu wa pili akamwuliza mama yangu, "Bibi, kwa nini watu wa zamani walijenga ukingoni huku, hawakuogopa kuanguka?"

Akajibu, "Mjukuu wangu, waliogopa zaidi kushikwa. Ukikaa hapa unamwona ajaye tangu asubuhi, naye atakufikia jioni amechoka."

Mtoto akasema, "Basi huku ni kuzuri, ningependa kukaa siku zote."

Mama yangu alinyamaza kidogo, kisha akamwonyesha mteremko wa ng'ambo. "Mama yangu alilima matuta kwenye mlima kama ule," akasema. "Mimi nilikuwa mgongoni mwake. Aliniambia kwamba siku zile aliyaona magari ya wageni yakipita kuja kupumzika, naye hakujua kwamba mahali hapa ni pa kupumzikia. Yeye alipajua kuwa pa kazi."

Watoto hawakusema neno. Lakini jioni, tulipokuwa tukila viazi na kabichi katika nyumba ya wageni, binti yule alimwuliza mwenye nyumba viazi vile vililimwa wapi na nani. Nikafurahi, maana nilijua ya kwamba somo limeingia bila ubao wala chaki. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na sasa mambo yakoje? Lushoto hupokea wageni wa namna zote. Nyumba zilizokuwa za wachache huweza kulalwa na yeyote mwenye nauli na kodi ya chumba, na jamaa za Tanga na Dar es Salaam hupanda huko kama walivyopanda Wazungu zamani. Mazao yale yaliyoletwa kwa kujaribiwa, kama kabichi, karoti, viazi ulaya na mapeasi, sasa ni mali ya wakulima Wasambaa wenyewe, nao huyapeleka masoko ya mbali. Vijana huwaongoza wageni katika msitu wa Magamba, wakipata riziki yao kwa kuyajua majina ya miti na ndege.

Lakini shida ya ardhi haikwisha. Miteremko bado inalimwa, udongo bado unashuka na mvua, na misitu iliyobaki yasongwa pande zote. Tena jambo hili haliwahusu watu wa milimani peke yao. Mto Umba, upitao nyikani mpaka baharini karibu na mpaka wa Kenya, chimbuko lake ni katika misitu ya Usambara ya magharibi. Maji tunywayo mjini Tanga hutoka mto Zigi, nao watoka Usambara ya mashariki. Kwa hiyo hata yule asiyepata nauli ya kupanda Lushoto hunywa baridi ya milima ile kila siku katika kikombe chake. Msitu ukiisha juu, mtungi hukauka chini.

Tukirudi kwenye maneno ya wazee wa Kisambaa, kuzifya shi na kubana shi, twaona kwamba hayajachakaa. Zamani walidhani nchi huponywa na mfalme mmoja mwenye nguvu. Wajerumani walidhani huponywa kwa kutenga misitu na kuwatia watu kadi. Waingereza walidhani huponywa kwa amri ya matuta. Katika hizo zote, pale mkulima mwenyewe alipofanywa mtu wa kuamriwa tu, kazi haikudumu. Mti hupandwa na kutunzwa na yule ajuaye kwamba kivuli chake kitamfikia yeye na wanawe.

Basi, ndugu zangu, atakayejaliwa kuipeleka jamaa yake milimani, na aende kwa furaha, avae sweta, ale mapeasi, na watoto wacheze. Lakini awaonyeshe pia njia ile ya kona nyingi na kuwaambia kwamba ilichimbwa kwa mikono. Nanyi wanafunzi, mkifika kijiji chochote cha mlimani au cha bondeni, tafuteni mzee, mwamkieni kwa adabu, mwulizeni alime wapi baba yake, mama yake alibeba nini, na mto wa pale ulikuwa na maji kiasi gani alipokuwa mtoto. Mwandike majibu yake katika daftari, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Wazee wanaoikumbuka miaka ya matuta wamebaki wachache, na habari wasizoulizwa huondoka nao.